Songhai iliangushwa na gobori au na ugomvi wa ndugu?

Mleta mada:
Wakuu, ikitajwa vita ya Tondibi, iliyoivunja dola ya Songhai ya Afrika Magharibi, jibu huwa lile lile: Wamorocco walikuja na bunduki, Songhai na mikuki, mchezo ukaisha. Mimi sikubali. Machi 1591, karibu na Gao kwenye mto Niger, Judar Pasha, kamanda wa Wamorocco, alifika na askari wapatao 4,000, hoi kwa miezi ya jangwani. Jeshi la Askia (mfalme wa Songhai) Ishaq II liliwazidi mara kadhaa. Na gobori la enzi zile tunalijua: umimine baruti mdomoni mwa mtutu, ushindilie risasi, utambi usikuzimikie. Ukishafyatua, mpanda farasi amekwisha kukufikia. Kilichoimaliza Songhai ni wana wa Askia Daud kunyang'anyana kiti cha enzi. Mwaka 1588 tu majimbo ya magharibi yaliasi! Nipingeni kwa hoja, si matusi.

Mchangiaji wa kwanza:
Umeruka ng'ombe, mkuu. Songhai walitanguliza kundi la ng'ombe likawakanyage wapiga bunduki. Mlio ulipopasuka, ng'ombe wakageuka wakawarudia wenyewe. Ugomvi wa kiti haukimbizi ng'ombe.

Mleta mada:
Haya, ng'ombe nakupa. Ila hiyo ni siku moja. Askia Nuh alijitenga kusini, Dendi, akapigana miaka kwenye vichaka na mabwawa, na magobori yale yale hayakuwahi kuitwaa Dendi. Kama bunduki ndiyo kila kitu, pale ilipatwa na nini?

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnaangalia mtutu tu. Sultani Ahmad al-Mansur wa Morocco alikuwa akifanya biashara na Waingereza, sukari yake na shura vikienda kwao. Shura ndiyo roho ya baruti, na yeye anayo nyumbani. Judar mwenyewe alizaliwa Hispania, na wengi wa wapiga bunduki wake walitoka Andalusia. Gobori lilikuja na mafundi wake.

Tena msiseme Waafrika wa ukanda ule hawakuzijua bunduki. Bornu, mashariki ya Songhai, Mai (mfalme) Idris Alooma alikuwa na kikosi cha bunduki kilichofunzwa na Waturuki, miaka ile ile! Gao ilikuwa na dhahabu na wafanyabiashara wa kila namna. Mleta mada, kabla hujarudi kwa wana wa Daud, nijibu hili: kwa nini Bornu walizitafuta na Songhai hawakuzitafuta?