Debian 12 haioni Wi-Fi: Dell Inspiron yenye kadi ya Broadcom BCM43142

Mgebuka_wa_Gungu (Kigoma)

Wakuu, salaam. Laptopu ni Dell Inspiron ya mtumba, imewekwa Debian 12 (mfumo wa Linux) yenye eneokazi la GNOME. Sauti, skrini na kibodi viko sawa, ila kwenye mipangilio sehemu ya Wi-Fi haipo kabisa. Hapa Gungu sina intaneti ya waya, kuna simu ya Android na bando tu.

`lspci -nnk` (amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani) inatoa hivi:

```
08:00.0 Network controller [0280]: Broadcom BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
    Kernel driver in use: bcma-pci-bridge
    Kernel modules: bcma
```

Nimeleta kifurushi cha fimuwea, firmware-brcm80211, kwa flashi nikaisakinisha, hakuna kilichobadilika. Nikiandika `sudo apt install broadcom-sta-dkms` najibiwa "Unable to locate package". Kwenye `rfkill list` (orodha ya redio zilizowashwa au kuzimwa) kadi ya Wi-Fi haitajwi. Tatizo ni kadi au ni mfumo?

---

Fundi_Mwanga

Mkuu, kadi ni nzima. Kadi iliyokufa kwa kawaida isingeonekana kwenye lspci. Na umefanya vyema kuleta namba 14e4:4365, kwa sababu Broadcom ni ukoo mkubwa na kila mwana ana draiva yake (programu ya kuendesha kadi). BCM4313 (14e4:4727) hutumia brcmsmac iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), na hiyo ndiyo inayohitaji firmware-brcm80211. BCM4312 (14e4:4315) hutumia b43. Hii yako, BCM43142, haina draiva huria inayoiendesha. Inakubali moduli (draiva inayopachikwa kwenye kerneli) moja tu, `wl`, inayotoka kwenye kifurushi cha broadcom-sta-dkms. Ndiyo maana fimuwea uliyoweka haikusaidia: fimuwea ni programu inayopakiwa ndani ya chipu, na kazi ya kuipakia ni ya draiva. Draiva haipo, basi faili limekaa bure. Hiyo bcma unayoiona imeshika basi la kadi tu, redio yenyewe haijui kuiendesha.

Kuhusu "Unable to locate package", sababu ni mbili. Kwanza huna intaneti, kwa hiyo apt, kisakinishi cha vifurushi, haina orodha mpya. Pili, hata ukiipata bado itakataa. Kuanzia Debian 12 kisakinishi cha mfumo huja na fungu jipya la hifadhi ya vifurushi, non-free-firmware, na wengi hudhani hilo linatosha. Humo mna fimuwea peke yake. broadcom-sta-dkms iko non-free, ambalo ni fungu jingine na halijawashwa.

Anza na intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Waya uwe wa kupitisha data, maana nyingi za bei ya chini zinachaji tu na menyu hiyo itabaki imefifia. Ukiandika `ip link` utaona usb0 au jina refu linaloanza na enx. NetworkManager itaunganisha yenyewe.

Kabla ya lolote linda bando, maana GNOME hupenda kupakua masasisho kimyakimya:

```
nmcli connection show
sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes
sudo nmcli connection up "Wired connection 1"
```

Weka jina lile uliloliona kwenye orodha ya amri ya kwanza. Halafu fungua `/etc/apt/sources.list`, mstari mkuu usomeke:

```
deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware
```

Kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install linux-image-amd64 linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms
```

Usiache linux-image-amd64. Moduli ya wl haiji ikiwa tayari, DKMS huijenga hapo hapo kwenye mashine yako kwa kutumia linux-headers (faili za kerneli za kujengea moduli), na headers lazima zilingane na kerneli inayoendesha. Flashi yako ikiwa ya toleo la zamani la 12, apt italeta headers za kerneli mpya huku wewe ukiendesha ya zamani. Moduli itajengwa kwa kerneli ambayo hujaiwasha, nawe utakesha ukitafuta mchawi. Bando la MB 500 linatosha kwa haya yote pamoja na gcc, ila usiguse `apt upgrade` leo.

Zima na uwashe, kisha `sudo modprobe wl`. Kama bcma bado imeng'ang'ania, itoe kwanza:

```
sudo modprobe -r b43 brcmsmac ssb bcma
```

Kwa kawaida hutahitaji kufanya hivyo tena, kifurushi chenyewe huweka orodha ya kuzuia moduli hizo ndani ya `/etc/modprobe.d/`.

---

Mgebuka_wa_Gungu

Asante sana mkuu. Intaneti ya waya wa simu imekubali na vifurushi vyote vimeingia. `dkms status` inasema broadcom-sta/6.30.223.271 "installed", na kerneli iliyotajwa inafanana na ya `uname -r`. Ila:

```
modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service
```

---

Reli_ya_Kati (Tabora)

Hiyo ni Secure Boot, kinga ya mashine wakati wa kuwaka. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Ikiwa imewashwa, kerneli haikubali moduli isiyo na sahihi inayotambuliwa. DKMS ya Debian 12 ilitengeneza ufunguo wake na kuisaini wl wakati wa kuijenga, lakini BIOS haiujui ufunguo huo. Utambulishe:

```
sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub
```

Itakuuliza nenosiri. Ni la kutumika mara moja tu, kwa hiyo weka fupi, tena herufi za kawaida, maana skrini inayofuata hufuata mpangilio wa kibodi ya Marekani na alama kama @ zinaweza kuhama. Washa upya. Itatokea skrini ya bluu, nayo inasubiri sekunde 10 tu. Ukiwa umeenda kuteka maji itapita na utaanza upya. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo), Continue, Yes, andika lile nenosiri, kisha Reboot.

Wako watakaokwambia uzime Secure Boot ndani ya BIOS. Inafanya kazi, na ni haraka zaidi. Kwa mashine yako mwenyewe uamuzi ni wako. Kwa mashine ya ofisi au ya mteja mimi naona heri kusajili ufunguo: siku mtu akirudisha mipangilio ya BIOS kama ilivyotoka kiwandani, Secure Boot ikajiwasha, Wi-Fi haitakufa.

---

Mgebuka_wa_Gungu

Imekubali! Naona mitandao ya majirani. Cha ajabu, hotspoti ya simu yangu mwenyewe iliyo hapa mezani haionekani. Simu nyingine zinaiona.

---

Fundi_Mwanga

Simu imewekwa bendi ya 5 GHz. BCM43142 ni ya 2.4 GHz tu, ile b/g/n kwenye lspci haina a wala ac, kwa hiyo 5 GHz haitaiona hata uibusu. Kwenye mipangilio ya hotspoti tafuta bendi, weka 2.4 GHz. Baadhi ya simu huita chaguo hilo "kuongeza upatanifu".

Ukiwa humo humo angalia na usalama. Kama ni WPA3 weka WPA2-Personal, wl haijui WPA3. Dalili yake ni tofauti kidogo: mtandao unauona, unaandika nenosiri sahihi, inakuuliza tena na tena.

Na ikitokea ruta fulani haionekani ingawa ni ya 2.4 GHz, kagua chaneli yake. Chaneli 12 na 13 hazitumiki kwenye mpangilio wa Marekani, na kadi nyingi za mtumba zimetoka na mpangilio huo. Kwa draiva za kawaida za kerneli `sudo iw reg set TZ` hutibu, lakini wl ina ukaidi wake na haifuati amri hiyo kila mara. Rahisi zaidi ni kuingia kwenye ruta na kuiweka chaneli 1, 6 au 11.

---

Reli_ya_Kati (Tabora)

Niongeze jambo kwa atakayekuja na kadi ya namna hii: hesabu kama kweli unataka kuishi na wl. Toleo hilo 6.30.223.271 ni la 2015, Broadcom hawajatoa jingine, kazi ya kulitia viraka ili lijengeke kwenye kerneli mpya inafanywa na watu wa Debian. Ukiwa kwenye kerneli ya kawaida ya Debian 12, ile 6.1, huna shida. Ukivuta kerneli mpya kutoka backports (hifadhi ya vifurushi vipya zaidi), ujenzi unaweza kugoma na Wi-Fi ikatoweka. Ikitokea, usifute kitu: kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha) chagua kerneli ya zamani, itawaka kama kawaida.

Kubadilisha kadi ni skrubu moja. Inspiron za umri huo nyingi hutumia tundu la kadi la mini PCIe nusu, mpya zaidi ni M.2, kwa hiyo fungua kifuniko utazame kabla ya kununua. Atheros AR9285 au AR9485 ya mini PCIe huendeshwa na ath9k, iko ndani ya kerneli na haihitaji fimuwea yoyote. Intel 7260 inataka firmware-iwlwifi lakini inakupa na 5 GHz, mradi utafute yenye "AC" au "dual band" kwenye lebo. Hesabu waya za antena: BCM43142 hutumia mmoja, Intel hiyo inataka miwili. Ukiwa na mmoja itafanya kazi, ila kwa udhaifu. Vichwa vya waya hizo vibonyeze wima kwa ukucha, ukivilaza vinapinda.

Angalizo kwa wenye HP na ThinkPad za zamani: BIOS zao zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka nyingine HP inakataa na ujumbe 104, ThinkPad na 1802, na mashine haiendelei kuwaka hadi uitoe.

Kwa hao, adapta ya USB ndiyo njia. Chagua yenye chipu ya AR9271 (fimuwea yake iko fungu la main) au MT7601U, ambayo kwa Debian 12 inahitaji firmware-misc-nonfree. Zile ndogo za Realtek zinazojitokeza kwanza kama CD, `lsusb` ikisema 0bda:1a2b, hazijaharibika. Ziko kwenye hali ya kutoa draiva za Windows. Sakinisha usb-modeswitch, kisha:

```
sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b
```

Rudia lsusb, namba itabadilika. Hiyo namba mpya ndiyo ya kuleta hapa.

---

Mgebuka_wa_Gungu

Hotspoti imeonekana baada ya kuweka 2.4 GHz. Swali la mwisho: mtandao unakatika kila laptopu ikikaa muda bila kutumika, narudi nakuta imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki.

---

Fundi_Mwanga

Kadi inalala kuokoa betri na haiamki vizuri. Tengeneza faili `/etc/NetworkManager/conf.d/wifi-usilale.conf` uandike:

```
[connection]
wifi.powersave = 2
```

Hapo 2 ni kuzima, 3 ni kuwasha. Kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Ikiendelea baada ya hapo, simu ndiyo inayozima hotspoti kwa kukosa wa kuitumia. Kwenye mipangilio yake kuna muda wa kujizima wenyewe, uondoe.