Pembetatu ya Rasi ya Tumaini Jema: peni 4 ya buluu au peni 1 nyekundu?

Kijana_wa_Stempu: Wadau, habari zenu. Muuzaji mmoja ana stempu mbili za pembetatu za Rasi, peni 4 ya buluu na peni 1 nyekundu. Akiba yangu inatosha moja tu na ananisubiri mpaka Ijumaa. Mngechukua ipi?

Mzee_wa_Albamu: Mkuu, bado hujatuambia kitu. Wachapaji wa London walikuwa wawili: ni chapa ya Perkins Bacon au ya De La Rue ya 1863-64? Hazina vitundu vya kuchania, zilikatwa kwa mkasi, kwa hiyo kingo zote tatu zipo? Ukimulika, alama ya maji ya nanga ndani ya karatasi inaonekana? Weka picha, mbele na nyuma.

Kijana_wa_Stempu: Ya nyuma hajatuma. Kaandika tu "1853, haijatumika".

Bi_Barua: Mwanangu, hapo kwenye "haijatumika" simama kwanza. Mimi nilinunua peni 4 ya namna hiyo, rangi safi, nikakaa nayo miaka miwili naionyesha kila mgeni. Siku moja mwenzangu akaimulika kwa taa ya urujuanimno. Mstari wa wino ukatokea toka pembe hadi pembe! Kumbe ilishatumika, ikapigwa mstari wa kalamu badala ya muhuri, mtu akaiosha. Na pembe ya juu ilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa. Niliumia sana. Muuzaji hakujibu barua hata moja. Siku hizi nachukua iliyogongwa muhuri wa pembetatu wenye mistari, basi.

Nanga61: Ningekuwa wewe ningeendelea kuweka akiba nitafute chapa ya mbao ya 1861, iliyochapwa Cape Town stempu za London zilipopungua.

Mzee_wa_Albamu: Jina hilo linapotosha, Nanga. Mchoro ulichongwa kwenye chuma, mbao ilikuwa ya kushikilia vibao vya kuchapia tu. Vibao vya peni 1 na vya peni 4 vikachanganywa, ndipo ikatoka peni 4 nyekundu na peni 1 ya buluu. Bei yake kijana haiwezi.

Nanga61: Jina limezoeleka, mzee wangu. Kila mnada unaliandika.

Posta_Kuu: Mbona hakuna anayeitaja Newfoundland, kule Kanada ya leo? Peni 3 ya kijani ya 1857, pembetatu nzuri mno.

Bi_Barua: Ya Rasi ndiyo stempu ya pembetatu ya kwanza duniani, Septemba 1853, mchoro wa Charles Bell. Huwezi kuzilinganisha.

Kijana_wa_Stempu: Picha ya nyuma ya peni 4 imefika. Nanga ipo, ila pembe moja ina kivuli. Nimemwomba aimulike.

Mzee_wa_Albamu: Na ya peni 1?