Kazi ya zamu ya usiku: nijiwekee saa za kusali au niombe moyo unaponituma?

SojaWaShimanzi
Hamjambo wana jukwaa. Mimi ni Mwanglikana, nakaa Likoni, nalinda godauni huku Shimanzi, Mombasa. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikishapigana na foleni ya feri hadi nifike nyumbani, watoto washaenda shule. Napiga magoti kando ya kitanda, na kabla ya kufika "mkate wetu wa kila siku" shavu liko kwenye godoro.

Si kwamba siombi. Karo ikikwama naomba. Mtoto akishikwa na homa naomba mpaka koo lanikauka. Mambo yakinyooka, kimya.

Tunalinda wawili. Mwenzangu ni Mwislamu wa Majengo. Alfajiri ikiingia anatawadha kwa maji ya dumu, anatandika msala nyuma ya lori, anasali, anarudi langoni. Awe na furaha, awe na deni, ni vile vile. Namtazama najiuliza, mbona mimi sina kitu kama hiki?

Mke wangu ni wa kanisa la kiroho. Asema sala za saa ni za kasuku, Mungu ataka moyo. Mchungaji wetu naye asema niwe na ratiba. Nishike lipi? Na hiyo ratiba nitaipachika wapi kwa kazi hii?

Kijana_Kisauni
Kaka, shemeji yuko sawa. Mathayo 6:7, Yesu amesema msipayuke-payuke kama watu wa mataifa. Mimi naomba ndani ya matatu, naomba nikioga. Ijumaa kwenye kesha ndiyo namwaga yote. Wokovu hauna saa ya kuripoti.

MamaMikindani
Kijana, ungeteremka aya mbili tu. Aya ya 9 Yesu huyo huyo anawapa Baba Yetu, maneno yaliyopangwa tayari. Na kule Gethsemane, Mathayo 26:44, aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Alichokataza ni kudhani Mungu atasikia kwa sababu maneno ni mengi. Hata Wakristo wa mwanzo walishika desturi hii: maandishi yao yaitwayo Didache yanaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku.

Mimi ni Mkatoliki, nauza mboga Kongowea. Saa sita mchana nasali Malaika wa Bwana huku nafunga mafungu ya mchicha, na mteja anauliza bei katikati. Namjibu, naendelea. Siku nyingi moyo haupo kabisa, nasema hivyo hivyo. Marehemu mume wangu alipotutoka sikuwa na neno langu hata moja la kumwambia Mungu. Yale ya kila siku yalikuwa mdomoni tayari, yakanibeba. Baba, usingojee moyo. Wakati mwingine moyo ndio unaofuata nyuma.

TuktukBamburi
Soja akifumba macho kusali, wezi nao waseme amina? 😂

MzeeRabai
Wewe wa tuktuk, hakuna aliyeagizwa kufumba macho. Nehemia 4:9 wanamwomba Mungu na kuweka walinzi, yote mawili.

Mwanangu soja, nikujibu. Tazama Danieli 6:10. Amri ya mfalme ya kukataza watu kumwomba Mungu imetiwa sahihi, simba wanamngoja, naye anapiga magoti mara tatu kwa siku "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Hatari ilimkuta njiani, hakuanzia hapo. Pale Kengeleni pana kengele ya Freretown, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani kilichoanzishwa 1875. Kengele hiyo iliwekwa iwaonye wakivamiwa. Wewe sala zako ni za kengele ile, zalia adui akija tu.

Sasa mpango. Usiuweke asubuhi, asubuhi mwili wako umekwisha, utalala kama walivyolala wanafunzi Gethsemane. Si unaandika daftari la zamu baada ya kila doria? Chagua doria mbili, ya kwanza na ile ya saa tisa usiku. Kabla ya kuandika, soma Zaburi ya 134 ukiwa umesimama, kisha Baba Yetu. Zaburi hiyo ina aya tatu tu, nayo ni ya watumishi wa Bwana wanaosimama usiku. Dakika mbili yatosha.

BinMwembeTayari
Asalaam aleikum, mimi Mwislamu, nimepita tu. Ndugu, usidhani mwenzako anaamka mwepesi. Kwenye adhana ya alfajiri twaambiwa sala ni bora kuliko usingizi, ujue usingizi watushinda hata sisi. Mwombe akushikie lango unaposali, nawe umshikie lake. Atafurahi.

Kijana_Kisauni
Mama nimekuelewa. Ila nauliza, akikosa hiyo saa tisa kwa sababu lori limeingia? Nimeona watu wakijihukumu kwa ratiba mpaka wakaacha kuomba kabisa.

MzeeRabai
Hapo umenena, hilo lipo. Akikosa amekosa, asilipe kama mkopo wa chama. Doria inayofuata aanze upya. Na kesha lako la Ijumaa usiliache, Paulo na Sila gerezani waliomba usiku wa manane, tena kwa kuimba.

SojaWaShimanzi
Shukrani Mzee, shukrani Mama. Niko langoni sasa, Zaburi nimeifungua kwenye simu. Bado moja: siku ya mapumziko niko nyumbani na mke wangu, hakuna doria wala daftari. Tutasali vipi na yeye hataki sala za kusoma?

MamaMikindani
Kabla ya chakula cha jioni, nyote, na watoto. Wewe soma Zaburi yako, yeye aombe kwa maneno yake, mtoto mmoja aseme Baba Yetu. Mama watoto akirefusha, mvumilie. Na usimwambie kwamba sisi ndio tumekutuma.