Nimelipia usingizi Valencia, Mbongo mwenzangu akaniuzia baruti

Wakuu, salaam. Hili ni gazeti na nina hasira, asiyependa kusoma apite.

Mimi nipo Hamburg, kazi yangu ni zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo. Miaka mitatu sijachukua likizo ya maana. Mwaka huu mama kaja kunitembelea kutoka Tanga, nikaona nimtoe kwenye baridi hii, tukakae wiki tano mji wa pwani Hispania, tule samaki, tulale. Hasa kulala. Watu wa kundi letu la wasapu wakanipa namba ya dalali, Mtanzania anayeishi Valencia. Nikamwandikia hivi: "Ndugu, nataka mtaa uliotulia, nakuja na mama mtu mzima." Jibu lake ninalo mpaka leo: "Mtaa umepoa kama msikiti saa nne asubuhi, kaka. Bahari dakika tano." Tarehe 24 Februari hadi 31 Machi, kodi euro 1,900, amana 600. Bei niliiona imechangamka, akasema ni msimu. Msimu wa nini, sikuuliza. Huo ujinga ni wangu, naukubali.

Anayeijua Valencia hapa ameshaanza kucheka.

Kwa msioijua: Machi kule ni mwezi wa Fallas, sherehe ya mji mzima. Kuanzia tarehe 1 hadi 19, kila siku saa nane mchana, kwenye uwanja wa mbele ya ukumbi wa jiji wanalipua kitu kinaitwa mascletà. Si fataki za kutazama, jua lenyewe linawaka. Ni baruti za kusikiliza. Mlio unapanda, unapanda, mpaka mwisho ardhi inatikisika na watu wanashangilia kama goli limeingia. UNESCO waliiandikisha sherehe hiyo mwaka 2016, hongera zao. Sasa nyumba niliyopangishwa ipo Russafa, nyuma ya stesheni ya treni. Kutoka pale hadi uwanjani ni robo saa, tena kwa mwendo wa mama.

Siku ya kwanza mama alikuwa mezani anachambua maharage. Kishindo cha kwanza akanyanyua macho. Cha pili akaweka sinia chini. Kufika ile ngurumo ya mwisho, vioo vinalia dirishani, maharage yametapakaa sakafu nzima, na mama yangu wa miaka 68 yuko chini ya meza ananiambia, "Zima taa, mwanangu." Saa nane mchana!

Nikampigia dalali. Akacheka. "Kaka, si dakika tano tu, inaisha." Kumbe zile dakika tano zilikuwa za baruti. Bahari yenyewe ni nusu saa kwa basi, na ukifika ufukwe wa Malvarrosa mwezi wa tatu maji ni ya friji. Mama alichovya kidole gumba, akarudi kujifunga khanga yake vizuri, akaniuliza kama samaki wa huku wanavaa sweta.

Na mascletà ndiyo afadhali, maana ina saa yake. Watoto wanarusha vibaruti barabarani kutwa. Kila mtaa una chama chake cha Fallas, na cha kwetu kilisimamisha hema chini ya dirisha letu. Muziki hadi saa tisa usiku. Saa mbili asubuhi wanapita tena na matarumbeta na baruti kuamsha watu, na hiyo ni desturi, ina jina kabisa: despertà. Mimi nimezoea kukesha kwa kulipwa, sasa nakesha kwa kulipa. Siku ya tano ya hema mama akaniuliza, "Harusi ya nani hii isiyokwisha?"

Sina ugomvi na Wavalencia, naomba ieleweke. Mji ni mzuri kuliko ninavyoweza kuueleza nikiwa na hasira. Kuna bustani ndefu katikati ya mji, zamani ulikuwa mto Turia. Mafuriko ya 1957 yaliwatesa, wakauhamisha mto ukapitishwa nje ya mji, mkondo wa zamani wakapanda miti. Mama alitembea pale kila asubuhi chini ya madaraja yasiyo na maji. Kuna kinywaji cheupe cha baridi, horchata, kinatengenezwa kwa chufa, vijiazi vidogo vya ardhini, kutoka Alboraya. Mama akaomba aonyeshwe hiyo chufa mbichi, akaigeuza kiganjani: "Hii si ndago hii?" Nikaangalia kwenye simu, kweli ni jamii moja na ndago. Maisha yake yote anaing'oa shambani kama gugu, leo anauziwa kwa glasi. Akanywa mbili.

Sasa njooni kwenye kiini cha uzi.

Usiku wa tarehe 19 yale masanamu makubwa wanayoyasimamisha kila mtaa yanachomwa yote. Yapo mamia, mji mzima. Siku hizi mengi yanachongwa kwa ile plastiki nyeupe nyepesi ya maboksi ya samaki, kwa hiyo moshi wake ni mweusi tii. La kwetu lilifika usawa wa ghorofa ya tatu, na sisi tupo ya pili. Zimamoto wanamwagia maji kuta za majengo, sisi tumefunga kila kitu, mama anasoma Ayatul Kursi. Asubuhi ukuta wa roshani una masizi kama jiko la kuni. Nikapiga picha, nikamtumia dalali saa hiyohiyo. Akajibu kwa kidole gumba.

Tarehe 31 nikarudisha funguo. Wiki mbili kimya. Wiki ya tatu ananiandikia kwamba amana hairudi, mwenye nyumba amekuta masizi na "inaonekana mlichoma mishkaki."

Mishkaki! Roshani yenyewe ina upana wa mkeka wa kuswalia, jiko la mkaa ningeliweka wapi, kichwani? Jiji zima limewashwa moto siku moja, halafu masizi ni ya mama yangu?

Mkataba tuliosaini ni wa upangaji wa msimu. Nimeambiwa na aliyesoma sheria ya upangaji ya Hispania kwamba mwezi ukipita tangu funguo zirudishwe, amana inayodaiwa inaanza kuhesabiwa riba. Leo ni wiki ya saba.

Jina lako sitaji, lakini unajijua, na najua upo humu unasoma. Ile picha ya asubuhi ya tarehe 20 ninayo, na kidole gumba chako kipo chini yake. Euro 600. Akaunti ni ileile.