Mnanoaje makala zenu? Zangu za kilimo watu wanaziacha njiani

mnyanya_ilula
Habari za jioni wakuu. Mimi naandika makala za kilimo cha mboga hasa nyanya, niko huku Ilula Iringa ambako nyanya ndo maisha yetu. Maarifa ninayo maana nalima mwenyewe na picha napiga mwenyewe, lakini nikiangalia naona watu wanafungua, wanakaa kidogo wanaondoka, af wanakuja inbox kuniuliza kitu kilekile nilichokieleza aya ya nne. Inaniuma kwa kweli, mtu ambaye shamba lake limeingiwa na kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hana siku za kupoteza, akikosa jibu kwangu anaenda kununua sumu yoyote atakayouziwa dukani.

Naandikia kwenye simu, kompyuta naipata mara mojamoja. Kuna programu yoyote ya kukagua Kiswahili? Na nyie wakongwe mna mazoea gani? Nawawekea mwanzo wa makala yangu ya mwisho, semeni ukweli:

"Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Kama tunavyojua, zao la nyanya ni miongoni mwa mazao muhimu yanayolimwa katika maeneo mbalimbali nchini. Pamoja na umuhimu huo, zao hili hukabiliwa na changamoto mbalimbali ikiwemo wadudu waharibifu. Leo tutamwangalia mdudu kantangaze."

kalamu_ya_tanga
Mkuu jibu umelibandika mwenyewe hapo juu. Sentensi tatu nzima zimepita na mdudu hajatokea. Huo uti wa mgongo wa taifa tumeuandika wote kwenye insha za shule ya msingi na mwalimu akatupa vema, ila anayekusoma sasa hivi amesimama shambani, bando linaisha, kashika jani mkononi. Yeye anataka ajue hilo jani lina nini.

Jaribu hivi: "Chuma jani la mnyanya lenye mabaka yaliyopauka, liinue ulielekeze kwenye jua. Ukiona kiwavi mdogo yuko ndani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, hiyo ni kantangaze. Sasa geukia matunda, hasa karibu na kikonyo, utafute vitundu vidogo." Umeona, mtu kashaanza kufanya kazi na wewe kabla hajamaliza aya, na umeshamwambia bila kumwambia kwa nini dawa ya kupuliza juu juu haimsaidii, maana mdudu mwenyewe kajificha ndani ya jani.

Zoea langu kubwa ni hili: siandiki makala, najibu meseji. Wewe una hazina hapo inbox wala hujui. Chukua swali moja kama mtu alivyoliuliza, kwa maneno yake, lifanye kichwa cha habari, af jibu kama unamjibu yeye peke yake. Ukiona unaanza kuandika "changamoto mbalimbali" simama ujiulize zipi, ukizitaja kwa majina neno "mbalimbali" linakufa lenyewe. Mimi hilo neno nalitafuta kila nikimaliza kuandika, pamoja na "katika kuhakikisha kwamba" na "suala zima la", nafuta nusu yake na hakuna msomaji aliyewahi kulalamika.

fundi_kompyuta_dom
Nijibu upande wa programu. Zipo ila usitegemee makubwa. Kwenye kompyuta LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili na ni bure, Word nayo inayo, ila lazima uiambie kwanza kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili, la sivyo inakupigia mistari myekundu ukurasa mzima mpaka unaacha kuiangalia. Kwenye simu weka Gboard, ile kibodi ya Google, nenda kwenye lugha uongeze Kiswahili, kuna cha Tanzania na cha Kenya, na kama kile kitu cha simu kujirekebishia maneno bado kinafuata Kiingereza kizime kabisa maana kinaharibu kuliko kinavyosaidia.

Sasa elewa mipaka yake. Hizi zinatazama neno moja moja. Ukiandika "wadudu wanapenda kura majani" badala ya kula itanyamaza kimya, kwa sababu kura ni neno halali, watu wanapiga kura. Ukiandika "dawa hii kinauzwa" itapita vilevile maana kila neno peke yake liko sawa. Upatanisho wa ngeli hakuna atakayekukagulia isipokuwa macho yako na sikio lako. Halafu yale maneno tunayoyabananisha, kwasababu, kwahiyo, sasahivi, yaachanishe: kwa sababu, kwa hiyo, sasa hivi. Ukiwa na wasiwasi na neno angalia kamusi, mimi ninayo Kamusi Kuu ya BAKITA ile ya 2015 mezani na naifungua kila siku.

mama_bustani_mwea
Mimi niko Mwea huku Kenya, na sisi nyanya tunalima sana, kwa hivyo makala yako ningeisoma. Naongeza mawili tu ndugu yangu.

La kwanza tumia mdomo. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu 2017, wewe bonyeza ile maikrofoni kwa kibodi ukiwa umesimama hapo kwa mimea, ongea kama unamwelezea jirani. Itakuja bila vituo na maneno mengine imesikia vibaya, jioni unakaa unasafisha. Lakini sauti inakuwa yako, ile ya kuongea, si ile ya ripoti ya ofisi.

La pili, mpatie mtu asome MBELE YAKO na wewe ukae kimya usimweleze kitu. Mimi humpa shemeji yangu, yeye halimi wala hapendi kusoma ndiyo maana anafaa. Akirudia mstari mara mbili naweka alama hapo, akiruka aya naweka alama. Usimuulize kama imekuwa nzuri, atasema nzuri tu, muulize "sasa ukitoka hapa utaenda kufanya nini shambani?" Akishindwa kukuambia, rudi uandike upya.

bwana_shamba_mstaafu
Vijana mmeongea vizuri kuhusu lugha, mimi nasisitiza usahihi maana makala ya kilimo ikikosea mtu anapoteza msimu. Kuwa na daftari. Kila jambo unaloliandika, pembeni andika umelitoa wapi na tarehe. Kiasi cha dawa usikiandike kwa kukumbuka kichwani, kinakiliwe kwenye lebo ya chupa, na mwambie msomaji asome lebo ya chupa yake yeye, na dawa iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Tarehe ya makala iweke juu ionekane, kwa sababu kilichokuwa kinashauriwa wakati kantangaze anaripotiwa mara ya kwanza nchini 2014 si lazima kiwe ndicho kinachoshauriwa leo.

Vipimo navyo. Wataalamu wanaandika hekta, mkulima anahesabu ekari, na hekta 1 ni karibu ekari 2.5, sasa ukinakili kilo za mbolea kwa hekta bila kubadilisha umemfanya mtu amwage zaidi ya mara mbili. Mavuno usiandike matenga peke yake, tenga la Ilula na tenga la sokoni Dar halilingani, weka na kilo.

Na hizi akili mnemba (AI) ambazo naona wengi wanazikimbilia, mwachie ikuonyeshe wapi umerudia maneno au sentensi ipi ni ndefu mno, lakini usimwachie akuandikie ushauri wa dawa. Itakupa namba kwa ujasiri mkubwa na hajawahi kushika bomba la kupulizia.

mnyanya_ilula
Nashukuru sana wakuu, mzee wangu shikamoo. Nimeshaanza, nimepitia inbox na swali linalojirudia ni "nimepulizia na bado wapo, nifanyeje?", nimelifanya ndo kichwa cha makala. Swali la mwisho: niweke kila kitu humohumo, kutambua, mitego, dawa, kubadilisha mazao, au nikate vipande?

kalamu_ya_tanga
Kata. Swali moja makala moja, na chini yake weka linki ya inayofuata. Hii ya "bado wapo" ibaki na sababu za dawa kushindwa: umechelewa kupulizia na wameshaingia ndani ya jani, umetumia dawa ya kundi lilelile mfululizo mpaka wameizoea, masalia ya msimu uliopita yamelala shambani, jirani hapulizii. Mitego ipe makala yake na picha kubwa. Ukimaliza rasimu usirushe usiku huohuo, ilaze, asubuhi isome kwa sauti kabla hujaenda shamba, af iweke hapa tuipitie.

bwana_shamba_mstaafu
Marahaba kijana. Ukiiweka nitakagua hiyo sehemu ya makundi ya dawa, andika na jina la kiambato lililoko kwenye lebo, siyo jina la dukani peke yake.