Kujaribu Linux nyumbani kwenye laptopu ya RAM 4GB: nianze na ipi, na kwa mwonekano upi?

Jiwe_Juu_ya_Maji (Nyegezi, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Mashine ni HP EliteBook 840 G1, i5-4300U, RAM 4GB, diski ya kawaida 500GB (si SSD), ina Windows 10. Windows 11 haiikubali hii CPU, na apdeti za bure za Windows 10 ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kazi zake ni za nyumbani: kuperuzi, YouTube, barua na CV za Word, watoto kuandika kazi za shule, kuprinti mara mojamoja kwenye printa ndogo ya leza. Intaneti ni hotspoti ya simu na modemu ya USB, kwa hiyo kila GB ina bei.

Nikisoma naona Mint, Ubuntu, Fedora, Debian, Zorin, halafu ndani yake tena Cinnamon, GNOME, KDE, Xfce. Naomba kujua nijaribu zipi bila kumaliza bando wala kufuta Windows. Na je, naweza kuweka distro moja halafu nikaongeza desktopu zote juu yake niwe nabadilisha?

---

Sangara64

Mkuu, tenganisha vitu viwili kwanza, vinginevyo utazunguka mwezi mzima. Distro ndiyo msingi: inaamua programu zinatoka wapi, apdeti zinakuja kwa mtindo gani, na toleo lako litahudumiwa mpaka lini. Cinnamon, Xfce, GNOME na KDE Plasma ni nguo inayovaliwa juu ya msingi huo, yaani paneli, menyu, madirisha na kidhibiti cha mafaili. Xfce ya Mint na Xfce ya Debian ni ndugu wa damu; tofauti utakayoiona ni rangi na mipangilio.

Ukichuja kwa bando lako, orodha inapungua yenyewe. Fedora ni nzuri, lakini inatoa toleo jipya takribani kila miezi 6 na kila toleo linahudumiwa kama miezi 13, maana yake utajikuta unashusha mfumo karibu wote upya mara kwa mara. Kwa mtu wa hotspoti hiyo ni adhabu. ISO (faili moja lenye mfumo mzima) ya Ubuntu ya GNOME siku hizi inakaribia GB 6, na GNOME kwenye RAM 4GB inabana mapema ukifungua kurasa kadhaa. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, inahudumiwa mpaka 2029, na ISO yake ni kama GB 3. Anza hapo. Shusha Mint Xfce, na kama bando linaruhusu ongeza Mint Cinnamon ulinganishe. KDE na GNOME ukitaka tu kuona sura zake, fungua tovuti ya DistroSea, inakuonyesha distro ndani ya kivinjari. Usiipime kasi pale, mashine inayofanya kazi siyo yako.

Kushusha: tumia torenti, siyo kitufe cha kivinjari. Mtandao ukikatika kwenye asilimia 80 torenti inaendelea ilipoishia, na inakagua vipande yenyewe. Kama kuna mtu mjini ana ISO tayari, inakili kwake, hakuna ubaya, ila hakiki. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri) ndani ya folda yenye faili, andika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha namba itakayotoka na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint yenyewe, uifungue kwa simu. Usilinganishe na namba uliyopewa kwenye flashi hiyohiyo, maana aliyeharibu faili anaweza kuharibu na namba.

Kisha chukua flashi ya 16GB, hamisha kila kitu kilichomo (itafutwa), weka Ventoy (programu inayoiwezesha flashi kuwasha ISO). Baada ya hapo ISO unazinakili ndani kama unavyonakili nyimbo. Hata tatu zinakaa na utachagua kwenye menyu. Washa HP huku unagonga Esc, kisha F9, chagua flashi. Kama Secure Boot (kinga inayoruhusu mifumo iliyosajiliwa tu kuwaka) imewashwa, mara ya kwanza utapata skrini ya bluu inayotaka usajili ufunguo wa Ventoy. Hiyo siyo hitilafu: sajili, washa upya, inapita.

Chomeka flashi kwenye tundu la USB 3. Kwenye USB 2 kila kitu kitaonekana kizito ukaisingizia distro.

Ukishaingia, uko live, yaani mfumo unaendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuwekwa kwenye diski; usiishie kubadilisha picha ya nyuma. Unganisha Wi-Fi. Piga sauti kwenye spika na kwenye earphone. Funga kifuniko dakika 5, fungua, uone kama mashine inaamka na Wi-Fi inarudi, maana hapa ndipo laptopu nyingi zinapokwama. Jaribu vitufe vya mwanga, touchpad kwa vidole viwili, kamera. Chomeka ile modemu: nyingi hujitambulisha kwanza kama CD ndogo, na kuna programu ya usb_modeswitch inayozigeuza kuwa modemu. Ipe sekunde 30 kabla ya kukata tamaa. Zile za Huawei za HiLink zinaonekana kama kadi ya mtandao na ukurasa wake ni 192.168.8.1.

Kama Wi-Fi haionekani kabisa, angalia kadi kwa amri ya lspci kwenye terminali (dirisha la amri la Linux). Intel inakubali yenyewe. Broadcom inaweza kuhitaji draiva ya ziada. Unganisha simu kwa kebo, washa USB tethering, halafu fungua Driver Manager.

---

dada_fundi

Nakubaliana na Sangara64 karibu kote, ila ameiacha diski, na diski ndiyo itakayokufanya uichukie Linux. Ukiwa live, mfumo unasomwa kutoka kwenye flashi na RAM. Ile diski ya kuzunguka haijaguswa. Kwa hiyo mashine inaweza kuonekana nyepesi kwenye live, ukishaiweka kwenye diski ikawa inachukua dakika nzima na zaidi kuwaka. Kaka, usibadilishe distro kwa sababu hiyo. Badilisha diski.

Ukiwa hapohapo live fungua programu ya Disks, chagua diski ya 500GB, nenda kwenye SMART (ripoti ya afya ya diski). Angalia mistari miwili: Reallocated Sector Count (sehemu mbovu zilizokwishabadilishwa) na Current Pending Sector (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu). Hii ya pili ikiwa zaidi ya 0, usiweke chochote kwenye diski hiyo, toa mafaili yako leo. Laptopu za mitumba nyingi zinakuja na diski zilizokwishatembea sana.

SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa mm 7, 240GB inatosha kabisa. RAM yake ni DDR3L, ile ya volti 1.35. Ukienda dukani ukasema "DDR3" tu unaweza kupewa ya volti 1.5, na mashine za kizazi hiki zikawa hazioni kitu. Ina matundu mawili, kwa hiyo kwa kawaida 4GB iliyopo inakaa na unaongeza 4GB nyingine. Ukifika 8GB, mjadala wa Xfce au Cinnamon unaisha, chukua unayoipenda. Kwa 4GB Xfce inakuachia nafasi zaidi, lakini usitegemee maajabu: mla RAM mkubwa ni kivinjari, siyo desktopu. Fungua kurasa zako za kila siku, kisha terminali, andika free -h, soma safu ya available. Ikiwa chini ya 500MB na mashine inasita, umeona mpaka wako.

Kuhusu kuongeza desktopu zote juu ya distro moja: inawezekana, na usifanye. Utakuwa na vidhibiti vya mafaili vitatu, vihariri maandishi vitatu, menyu imejaa vitu vya jina moja, mandhari ya KDE yanaingilia fonti za Cinnamon, na ukitaka kuondoa unaweza kung'oa kitu ambacho desktopu yako kuu inakitegemea. Isitoshe, KDE nzima juu ya Mint ni mamia ya MB. Kwa kujaribu, live inatosha. Ukitaka ladha mbili tofauti kweli, tengeneza mtumiaji wa pili mwenye folda yake ya nyumbani, ili mipangilio isichanganyike.

YouTube: CPU ya kizazi cha 4 inafungua H.264 (aina ya ubanaji wa video) kwa chipu ya picha, lakini aina za VP9 na AV1 haina, na YouTube hupenda kutuma hizo. Matokeo yake CPU inapanda, feni inapiga kelele, video inarukaruka. Weka kwenye Firefox kiongezi cha h264ify na ubaki 720p. Bando linaweza kuliwa zaidi kidogo kuliko VP9, lakini mashine inapumua. Na hiyo feni, fungua usafishe kabla ya yote. Vumbi la huku likichanganyika na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, matundu ya hewa yanakuwa kama yamezibwa na pamba.

---

Kamanga_Terminal

Naongezea upande wa kuweka, maana hapo ndipo watu wanapoteza data.

Kabla ya kugusa chochote kwenye Windows bonyeza Win+R, andika msinfo32, soma BIOS Mode (mtindo wa mashine kuwaka: Legacy ni wa zamani, UEFI ni mpya). Ikisema Legacy, washa flashi kwa Legacy. Ikisema UEFI, kwa UEFI. Ukichanganya, mifumo miwili haitaonana kwenye menyu ya kuwashia.

Zima Fast Startup: cmd ya msimamizi, powercfg /h off. Usipoizima, Windows "ikizimwa" inakuwa imelala tu, na Linux itakataa kuandika kwenye C: au itakufungulia kwa kusoma pekee. Watu wengi wanadhani ni kirusi. Kama BitLocker (ufungaji wa diski kwa ufunguo wa siri) ipo, hifadhi ufunguo wake kwanza nje ya mashine.

Punguza C: kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe, toa kama 100GB, iache tupu. Kisakinishi cha Mint kitakupa chaguo la kuweka kando ya Windows. Soma dirisha la mwisho la uthibitisho polepole. Chaji iwe imechomekwa na betri iwe na angalau asilimia 50. Umeme ukikatika betri itakubeba. Kwa wenye kompyuta za mezani zisizo na UPS: apdeti ikikatwa katikati, ukiwaka andika sudo dpkg --configure -a kabla ya kujaribu kingine.

Kuna ugonjwa wa HP za ofisi za miaka ile: unamaliza kuweka, unawasha, inaingia Windows moja kwa moja kana kwamba Linux haipo. Ipo. BIOS yake inaitafuta Windows kwa jina. Ingia BIOS kwa F10, tafuta Customized Boot, andika njia:

\EFI\ubuntu\shimx64.efi

Ndiyo, "ubuntu" hata kama umeweka Mint, folda yake inatumia jina hilo. Kisha ipandishe juu kwenye mpangilio wa kuwasha.

Bando baada ya kuweka: apdeti ya kwanza inaweza kufika GB moja au kupita. Kwenye Update Manager zima ukaguzi wa kujiendesha, uwe unaendesha kwa mkono wakati wa bando la usiku. Na programu chukua zile za kawaida za mfumo, siyo Flatpak. VLC ya kawaida ni makumi ya MB. Ya Flatpak, kama ni programu yako ya kwanza ya aina hiyo, inavuta na maktaba zake mamia ya MB.

Word: LibreOffice inafungua docx, ila CV iliyopangwa kwa Calibri inavurugika, mistari inahama, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na nusu. Weka fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea; upana wa herufi zake ni sawa na Calibri na Cambria. Cha kutuma kwa mwajiri kitoe PDF. Kwa watoto ongeza hunspell-sw, Kiswahili kitaacha kupigiwa mstari mwekundu kila neno.

Printa: taja modeli. HP nyingi zinaenda na hplip (draiva za printa za HP). Leza ndogo za Canon za zamani zinazotumia CAPT (mfumo wa Canon yenyewe wa kuprinti) zinasumbua, zijaribu live kabla ya kufuta Windows.

---

Jiwe_Juu_ya_Maji

Asanteni sana wakuu, na dada yangu hapo juu. Nimeshusha Mint Xfce, namba ya SHA256 imelingana. Live imewaka, Wi-Fi ni Intel imekubali, sauti sawa, kifuniko sawa, modemu imekuja yenyewe. Current Pending Sector ni 0, Reallocated ni 8. Printa ni HP LaserJet P1102.

Tatizo moja: niliporudi Windows saa imerudi nyuma kwa saa 3, na tovuti nyingine zinalalamika kuhusu cheti. Nimeharibu nini?

---

Kamanga_Terminal

Hujaharibu. Linux inaweka saa ya ubao mkuu wa kompyuta (motherboard) kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaisoma kama saa ya hapa. Sisi tuko UTC+3, ndiyo hizo 3 unazoziona. Kwa sasa sahihisha kwenye Windows, Sync now. Ukishaweka Mint kando ya Windows, andika mara moja:

timedatectl set-local-rtc 1

Ukiifuta Windows kabisa, usiandike hiyo, acha UTC.

P1102 inahitaji kipande cha ziada cha hplip kinachoitwa plugin. Endesha hp-setup ukiwa na intaneti, kitashuka chenyewe. Ukikiruka, karatasi haitatoka hata kama printa inaonekana kwenye orodha.

---

dada_fundi

Reallocated 8 na pending 0: inatumika, lakini isiwe mahali pekee penye picha za familia. Iangalie tena baada ya wiki mbili. Namba ikipanda, usingoje, nunua SSD.