Chuo Kikuu Huria au UDOM? Nahofia kusoma peke yangu

Kijana_Ziwa: Wakuu, habari za jioni. Nimechaguliwa vyuo viwili, Chuo Kikuu Huria, cha kusoma kwa masafa, na UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, cha kukaa bweni, na wiki hii natakiwa kuthibitisha kimoja. Hofu yangu ni moja: nikisomea nyumbani, nitapata marafiki kweli? Nishaurini.

Kabwela: Mkuu, uko mkoa gani? Una kazi? Umri je? Bila hayo tutakushauri nini?

Mlimani_Zamani: Nenda ukakae bweni. Mimi watu wangu niliwapata kwenye kimbweta, zile meza za zege za kujisomea chuoni. Tulikuwa sita, tunagawana desa (notisi za masomo) na sahani moja ya chipsi bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likikata. Kazi yangu ya kwanza nimeipata kwa simu ya mmoja wao. Ukisomea nyumbani kwenye simu huwezi kupata hayo.

Mama_Pacha: Nilisoma kwa masafa miaka minne, chuo sikitaji. Masomo napakua usiku watoto wakishalala. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu zaidi ya 200, lakini kimya mpaka mitihani ikaribie, hapo ndipo kila mtu anaomba mitihani ya nyuma. Mwaka wa tatu baba akafariki. Niliandika kwenye kundi saa nne usiku. Zikaja "pole" 11, nilizihesabu. Aliyefuata akauliza kama siku ya kukusanya kazi imesogezwa. Msibani hakufika hata mmoja. Waliokesha nami chini ya turubai ni wenzangu wa sekondari. Siku ya mahafali nimekaa na joho langu, nikamuuliza dada wa pembeni jina. Kumbe ndiye niliyefanya naye kazi ya kikundi muhula mzima.

Mwalimu_Sengerema: Pole sana dada yangu. Ila tusiwatishe vijana. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, na sisi walimu tulio mbali na miji kimetuokoa. Kina vituo mikoani. Mimi kwenye vipindi vya ana kwa ana Mwanza niliwapata watatu, tukawa tunakutana kila Jumamosi. Mmoja ndiye msimamizi wa ndoa yangu. Ukijifungia ndani, hata bweni halikusaidii.

Mlimani_Zamani: Mwalimu, wewe ulikwenda ukiwa na mshahara na familia. Mtoto wa miaka 20 anahitaji kuzungukwa na wenzake.

Kabwela: Na bumu? Huko bweni wengine wanalala njaa wiki mbili za mwisho. Urafiki wa njaa nao una ugomvi wake.

Mlimani_Zamani: Ndiyo maana tulikuwa tunachangishana, mkuu. Hukuwahi kuchangiwa wewe?

Kijana_Ziwa: Samahani wakuu, nilichelewa kujibu. Nina miaka 21, niko Geita vijijini, sina kazi. Nakaa na bibi, magoti yanamsumbua, na nyumbani tuko wawili tu.

Mama_Pacha: Mwanangu, hili ungelisema mwanzo. Bibi mwenyewe anasemaje?

Kijana_Ziwa: Anasema niende Dodoma. Lakini leo asubuhi kashindwa kujitwika ndoo, nikamkuta amekaa njiani.

Mwalimu_Sengerema: Hakuna shangazi au binamu wa kuhamia hapo?

Kabwela: Na mtandao huko kijijini unashika?

Kijana_Ziwa: Unashika ukipanda kilimani, karibu na shule.